Bunduki ya Mahari Iliyopinda

Ukipita Porte de Namur, hapa Brussels, ukakutana na wanaume ambao mstari wa nywele zao umeanza vizuri upande wa kushoto, kisha ukapanda mlima kuelekea kulia, usidhani ni fasheni mpya kutoka Paris. Wote wametoka kwenye kiti kimoja, kiti cha Papa Kabamba, kinyozi wa ndani ya galerie, ile njia ya maduka yenye paa, ambaye kibao cha duka lake kinasema La Ligne Droite, yaani mstari ulionyooka. Kibao hicho kilichorwa zamani, wakati mwenye duka alikuwa bado anaona kwa macho yote mawili.

Kabamba ni mtoto wa Likasi, mji wa migodi huko Kongo, na unyozi alijifunzia vichwani mwa wadogo zake, ambao hadi leo hawajamsamehe. Aliposhuka stesheni ya Gare du Midi alikuwa na sanduku moja, na ndani ya sanduku mlikuwa na mashine ya kunyolea iliyofungwa kwenye soksi. Alinyoa majikoni mwa watu, akanyoa kwenye korido za majengo, mpaka akapata kiti chake mwenyewe na kioo kikubwa cha kujisifia mbele yake. Sifa anazipenda, hilo halina ubishi. Mwambie amekutoa vizuri na atakunyoa hadi nyusi bila kukuomba chochote.

Halafu jicho la kulia likaanza kumsaliti. Mwanzoni ilikuwa kama mvuke kwenye dirisha. Akalipangusa kwa leso, halikupanguka. Akalaumu taa, akanunua taa nyingine. Mwishowe akaelewa kwamba huyu ni mtoto wa jicho, na kwamba dawa yake ni kisu. Hapo Kabamba, mwanamume aliyeshika wembe kwenye makoo ya watu nusu ya maisha yake, aligundua kwamba anaogopa visu.

Basi akaficha. Badala ya kumzunguka mteja, alikizungusha kiti. Akaanza kuinamisha kichwa kama mtu anayefikiri sana, na wateja wakasema Papa Kabamba siku hizi amekuwa msanii. Mkewe, Maman Émérance, anafanya kazi ya kutunza wazee, na angejua angemshika sikio moja kwa moja hadi hospitali. Wateja nao wangejua, nani angempa shingo yake? Kwa hiyo siri ikakaa, na mistari ya nywele ikaendelea kupanda mlima. Ajabu ni kwamba vijana wa Matonge, mtaa huo wa Wakongo, walianza kuuomba mstari huo kwa vinyozi wengine.

Mambo yalikuwa hivyo wakati binti yake, Mujinga, mwalimu wa shule ya msingi, alipomleta nyumbani Jean-Baptiste. Huyu ni kijana wa Kibelgiji anayefundisha mazoezi ya viungo kwenye shule hiyohiyo, mrefu kama mlingoti, anayevaa kaptura hata Januari. Kabamba alimtazama kwa jicho alilokuwa nalo, akamwona ana adabu, anakula ugali bila kuulizia uma, akaridhika. Kilichobaki ni mahari.

Sasa, katika ukoo wa kina Kabamba mahari haikamiliki bila bunduki. Mablanketi yatakuja, kitenge cha mama kitakuja, mbuzi atakuja (Brussels anakuja vipande vipande, ameganda, kutoka kwa mchinjaji). Lakini baba wa binti lazima apewe bunduki, kwa sababu babu zao walikuwa wawindaji, na nyumba inayotoa msichana ipewe kitu cha kuilisha. Kwamba hakuna mtu katika ukoo huo aliyewinda chochote zaidi ya teksi tangu babu yao alipofariki, hilo si neno. Mila haikuulizi kama kuna nyati kitongojini Auderghem.

Huko Lubumbashi kwenyewe, kwao Kongo, siku hizi watu wanaweka bahasha mezani, wanasema bunduki ndiyo hii, wanacheka, wanakula. Lakini msemaji wa ukoo hapa Brussels ni Kyungu, kaka mkubwa wa Kabamba, na Kyungu ameishika mila kwa nguvu kuliko waliobaki nyumbani. Ndivyo tulivyo watu wa ugenini, tunaogopa tukilegeza mkono kidogo kila kitu kitaanguka.

"Bahasha inaweza kulipuka?" Kyungu aliuliza. "Bon. Alors, mi nataka fusil. Ata ya zamani, ata pupu, mais iwe fusil."

Pupu ndilo jina wanaloliita gobore, lile la kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Bunduki ya kisasa inataka vibali na maelezo mengi polisi, lakini gobore la kale sheria ya huku huliangalia karibu kama inavyoliangalia kabati la bibi. Jean-Baptiste aliposikia alifurahi sana. Bibi yake aliyemlea, Madame Ghislaine, alikuwa na gobore la namna hiyo nyumbani kwake Auderghem, pembezoni mwa msitu, limening'inia juu ya meko tangu yeye hajazaliwa.

Kila mtu alifurahi isipokuwa Kabamba. Maana kupokea bunduki kuna utaratibu wake. Baba wa binti huinuka mbele ya pande zote mbili, huiweka begani, hulenga ukutani, kisha hutamka neno moja: "Imenyooka." Neno hilo likitoka, binti ameolewa. Lisipotoka, wakwe wanarudi na bunduki yao, watakuja siku nyingine na nyingine iliyo bora.

Kabamba alianza kufanya mazoezi jikoni kwa ufagio. Aliuweka bega la kulia, akalaza shavu, akafungua jicho la kulia, na ufagio ukapotea kwenye uji. Hakuona ncha, hakuona ukuta. Kuhamia bega la kushoto kungemfichua mbele ya watu. Akajaribu tena, ndipo Émérance alipoingia.

"Papa Mujinga, unafanya nini na balai?" aliuliza, akiutazama ufagio.

"Niko naondosha utando ya buibui."

"Na bega?"

Mwishowe aliamua kwamba kulenga si lazima. Siku ikifika ataiinua, ataganda kama sanamu kwa kitambo cha heshima, kisha atasema imenyooka. Nani atajua? Bunduki haina ulimi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Asubuhi Kyungu na wanaume wote wa ukoo walipita La Ligne Droite kunyolewa, na mchana wakakaa sebuleni kwa Kabamba mstari mmoja, suti zimepigwa pasi, nywele zimepanda mlima zote kwa pamoja. Mujinga alifungiwa chumbani na shangazi zake, kama inavyotakiwa. Wakwe walifika na mfuko mrefu wa kubebea vyombo vya kuteleza kwenye theluji, na jirani wa chini akawatakia likizo njema.

Upande wa mwanamume ulikuwa na msemaji wake, Doudou, muuza simu wa Matonge, ambaye hukodishwa kwa shughuli hizi kwa sababu maneno hayamwishi. Doudou aliwaonya wakwe kabla ya kupanda ngazi: ndani ya chumba kile yeye peke yake ndiye mwenye mdomo. Yeyote mwingine wa upande wao akifungua kinywa, faini ni kreti ya bia. Madame Ghislaine, mwanamke mfupi mwenye viatu vya matope na nywele nyeupe, aliuliza kama kukohoa nako kunahesabika. Doudou alimwambia ajaribu kukohoa kwa adabu.

Mablanketi yakapita. Mbuzi akapita, akaenda moja kwa moja kwenye friza. Kisha Doudou akafungua ule mfuko, na sebule nzima ikasema, "Eeeh!"

Kwa haki lilikuwa gobore la kutazamwa. Mitutu miwili imelala pamoja kama mume na mke, chuma chake kina mawimbi kama ya mti uliopasuliwa, maana mafundi wa zamani wa mji wa Liège walisuka vipande vya chuma na kuvizungusha mpaka vikawa bomba. Pembeni, mahali pa kuwekea fataki, palisimama nyundo mbili ndogo zilizochongwa mfano wa vichwa vya mbwa, na chini yake kware wawili wanakimbia nyasini, kila unyoya umechorwa. Mwishoni mwa mtutu kulikuwa na kitone cha shaba, kidogo kama punje ya mtama, cha kulengea shabaha.

Tatizo lilikuwa kitako. Kilitoka kwenye chuma vizuri, mti wa jozi uliong'arishwa, halafu ghafla kikakata kona kwenda kulia kama mguu wa nyuma wa mbwa.

Kyungu aliichukua kwanza yeye, kama mkubwa, akaiweka begani. Mtutu ukakaa kushoto kwa pua yake, mbali na jicho la kulia, lile la kulengea. Akasogeza shingo. Akasogeza kiuno. Akazunguka nusu duara akiutafuta mtutu, na watu waliokuwa mbele yake wakalala chini ya meza. Akampa jirani yake, naye akazunguka vivyo hivyo. Bunduki ikapita mkono hadi mkono, na kila aliyeishika alicheza densi ileile.

"Imepinda," Kyungu alisema. "Bakwe batuletea fusil ya kupinda. Fusil ikipinda, ndoa inapinda. Ni hii njo heshima yenu?"

Madame Ghislaine akanyanyua mkono kama mwanafunzi. Doudou akaushusha.

"Papa Kyungu," Doudou alisema, akitoa jasho, "hii ni fusil ya ba-nobles, bakubwa ba zamani. Ba-nobles bo banapendaka bintu ya kona kona."

"Doudou, sisi hatuko batoto. Kabamba! Ni weye baba. Shika. Ona na macho yako mwenyewe, na sema mbele ya bantu yote."

Kabamba akainuka. Alikumbuka mpango wake: inua, ganda, sema. Akaweka kitako bega la kulia. Akalaza shavu.

Na akaona.

Ule mti uliopinda ulikuwa umezunguka shavu lake na kuuleta mtutu wote mbele ya jicho la kushoto, lile zima. Hakusogeza shingo wala kiuno. Kitone cha shaba kilikaa kimya mahali pake, na juu yake, wazi kabisa, kalenda ya parokia ukutani, na katika kalenda kidevu cha padri. Kabamba hakuwa ameona kitu kimenyooka namna ile tangu kibao chake kilipochorwa. Nusura alie.

"Alors?" Kyungu aliuliza.

Wanaume wote walikuwa wanamtazama. Wote walikuwa wamesema imepinda. Ukisema imenyooka, wataanza kuuliza imekunyookea wewe kwa nini. Kabamba akaona wembe wake, akaona kiti chake kitupu, akaona kisu cha daktari kinakuja. Hofu ikamtangulia ulimi.

"Imepinda," alisema.

Kyungu akafunga kifungo cha koti, akatangaza kwamba mahari imesimama. Wakwe wachukue kitu chao, watarudi msimu mwingine na kilicho sawa. Jean-Baptiste, ambaye hakuelewa maneno yote lakini aliuelewa uso wa Doudou, akawa mwekundu hadi masikioni. Kutoka chumbani ikasikika sauti ya Mujinga, si ya kulia kwa fujo, ila kile kilio cha chinichini alichokuwa nacho tangu mdogo, kila alipopoteza kitu na hakutaka mtu ajue. Kabamba anakijua kilio hicho. Kilimchoma kuliko kisu chochote.

Hapo Madame Ghislaine akasimama.

"Wekeni kreti," alisema kwa Kifaransa. Doudou akamvuta kitambaa cha shingoni. "Wekeni mbili. Kijana, niachie! Wekeni kumi, nina hela za uzeeni sina pa kuzipeleka. Bunduki hii haijapinda. Imetengenezwa hivyo makusudi."

Kisha akaeleza. Babu yake aliwinda msitu mzima, lakini jicho lake la kulia lilikufa angali kijana. Bega la kushoto hakuliweza, alijaribu akawa anapiga miti. Akaenda Liège kwa fundi, fundi akampima bega, shavu na jicho kama mshonaji anavyopima suti, akamkatia kitako kinachovuka uso: bega la kulia, jicho la kushoto. Alipofariki, wanawe walijaribu na wajukuu wakajaribu, wakakosa hata ghala. Ikapanda juu ya meko. "Mtu mwenye macho mawili hawezi kuilenga," alimaliza. "Hilo tu ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo."

Kyungu alisikiliza kwa heshima, kwa sababu mama ni mzee na kreti zilikuwa kumi. Lakini akatikisa kichwa.

"Maman, nimesikia. Mais fusil ya mahari inapashwa kupata bega ya muntu muzima. Hii inangojea muntu ya jicho moja. Humu mu nyumba, nani iko na jicho moja?" Akageuka huku na huku. "Nani?"

Jean-Baptiste alikwisha kuinama kuchukua mfuko. Chumbani kile kilio kiliendelea, kidogo kidogo. Kabamba alimtazama kijana, akatazama mlango wa chumbani, akatazama kalenda.

"Ni mimi," alisema.

"Weye nini?"

"Jicho, Yaya," alisema, kama kwao wanavyomwita kaka mkubwa. "Ya kuume ilikufa. Siko naona nayo kitu. Fusil imenyooka. Nilisema bongo, nilidanganya."

Kyungu alikasirika zaidi. Aliona mdogo wake anajitia upofu ili kuokoa wakwe. Akamwamuru afunge jicho la kushoto kwa kiganja, akasimama mbele yake na kunyanyua mkono.

"Hizi vidole ngapi?"

Kabamba alikodoa kwa bidii kwenye ukungu. "Tatu," alisema.

Kyungu alikuwa ameshika chupa ya bia.

Walianza kucheka shangazi waliokuwa wanachungulia mlangoni, wakafuata wengine, mpaka Jean-Baptiste naye akacheka bila kujua kinachochekesha. Kicheko kilikatika ghafla. Mwanamume mmoja alikuwa ameinua mkono na kugusa mstari wa nywele zake. Jirani yake naye akagusa wake. Mmoja baada ya mwingine wakaanza kujipapasa mapaji ya uso, kisha wakatazamana, kila mmoja akaona mlima wa mwenzake.

"Kabamba," Kyungu alisema polepole, mkono uko kichwani, "tangu lini?"

"Yaya, tumalize kwanza ya mutoto."

Akainua bunduki, akalaza shavu, akalenga kidevu cha padri, na safari hii sauti ilitoka tumboni: "Imenyooka!" Vigelegele vikapasua dari. Mujinga akatoka mbio kabla hajaitwa, jambo ambalo nalo lina faini yake, akamkumbatia baba yake pamoja na bunduki.

Émérance peke yake hakupiga kigelegele. Alikuja taratibu, akamshika mumewe kidevu, akamgeuzia uso kwenye dirisha na kulitazama lile jicho kama anavyotazama ya wazee wake.

"Utando ya buibui," alisema. "Lundi asubui, hospitali."

Jumatatu ikafika, Kabamba akaenda. Aliimba nyimbo za kanisani tangu kwenye tramu hadi mezani kwa daktari, na daktari alimwambia wamekwisha maliza wakati yeye bado anaomba rehema. Bandeji ilipotoka alirudi dukani na kuketi akiwatazama watu wanaopita nje ya galerie. Aliona vichwa vyake. Aliona alichokifanya. Kwa muda mrefu alinyoosha bure kila aliyemrudia, isipokuwa wale vijana, ambao walikataa katakata na kumwambia Papa asiharibu.

Jumapili moja familia ilikula pamoja. Bunduki ilikuwa juu ya televisheni. Mujinga na mumewe walifika wamenuniana: Jean-Baptiste alikuwa amekwenda kwa shangazi za mkewe amevaa kaptura. Kabamba kwa macho mawili alimwona mkwe wake vizuri kwa mara ya kwanza, yale magoti, ile soksi moja ya rangi nyingine, na jinsi anavyoweka sukari kwenye sombe, ile mboga ya kisamvu. Alimsogezea bakuli la ugali. Ila Kyungu alikuwa na la kusema, kwa maana Kyungu hapumziki.

"Kabamba, sasa uko na macho mbili. Kamata ile fusil. Bado imenyooka? Juu kama haiko, ile ndoa tutaisemaje?"

Mujinga aliacha kijiko. Kabamba akainuka, akaishusha, akaiweka begani. Mtutu ulikuwa kushoto huko, mbali, kitako kimekata kona kama mguu wa mbwa. Imepinda hasa. Alimtazama binti yake, akamtazama na yule kijana wa kaptura, ambaye chini ya meza alikuwa ameshika mkono wa mkewe, naye Mujinga hakuuondoa.

Kabamba akafumba jicho la kulia, lile jipya.

"Imenyooka, Yaya."

"Umefunga jicho! Mi nimeona!"

"Yaya, mukwe anaangaliwaka na jicho moja. Ukifungua yote mbili, utaomba mutoto arudie ku nyumba."

Watu wakacheka, Kabamba akacheka kuliko wote, akaitundika bunduki na kuketi akijiona amesema neno kubwa. Émérance alikuwa anamwongezea sombe. Hakuinua uso.

"Na mi?" aliuliza. "Hii miaka yote, unazania mi nakuangaliaka na ngapi?"